Matofali ya Kichwani

Kama moyo wake unapiga polepole, bila haraka, kama wa mtu aliyepumzika, kwa nini unaogopa?

Aliyeniuliza hivyo alikuwa mke wa mgonjwa, mwanamke wa rika langu hasa. Alikuwa ameketi kwenye mkeka kando ya kitanda, katika wodi ya wanaume ya hospitali ndogo ya misheni pale Nchelenge, kando ya ziwa Mweru, katikati ya miaka ya hamsini. Mimi nilikuwa nimeshika kifundo cha mkono wa mumewe huku nikifuata mshale wa sekunde kwenye saa niliyoazimwa. Nilihesabu mapigo arobaini na nane kwa dakika. Asubuhi yalikuwa sabini na mbili. Sista alikuwa ameniambia kwamba yakishuka chini ya sitini nimwite mara moja, naye hakuwa mtu wa kurudia maneno. Kanuni niliijua, sababu yake sikuijua.

Hilo liliniuma, kwa maana mimi ndiye niliyekuwa na desturi ya kuwauliza wengine sababu. Nilikuwa nimerudi nyumbani na shahada ya sayansi kutoka chuo kikuu cha kusini, nikingoja barua ya kazi kutoka serikalini. Barua haikuja. Baba yangu alikuwa mtu wa ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, na mama yangu wa hapa hapa, kwa hiyo Kiswahili nilikipata kwa baba, Kibemba kwa mama, na Kiingereza shuleni. Sista, mzungu mrefu aliyeendesha wodi zote mbili kwa msaada wa wakunga wawili, alinichukua nimtafsirie na kuandika vipimo kwenye karatasi za vitandani. Sikuwa muuguzi. Nilikuwa mtu wa kalamu na maswali. Kwa nini kipimajoto kikae dakika tatu na si mbili? Kwa nini tunaomba kabla ya kufunga vidonda na si baada, tukishajua vimefungwa vizuri? Dresa, yule mzee aliyekuwa akisafisha vidonda tangu kabla ya vita, alinipa jina la Mayo Kwa Nini. Mayo kwetu ni mama, kwa hiyo nilikuwa Mama Kwa Nini, nikiwa sina mume wala mtoto.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa mvuvi wa kisiwa cha Kilwa, kilichomo humo ziwani. Walikuwa wakivuta nyavu alfajiri, akakanyaga samaki kwenye sakafu ya mashua, akateleza, akapiga kisogo kwenye ubao wa ukingo na kutumbukia majini. Wenzake walimtoa upesi. Wakafanya kile ambacho watu wa ziwa hili humfanyia kila aliyezama: waligeuza mtumbwi pwani, wakamlaza juu yake kifudifudi, kichwa chini na miguu juu, wakamkanda mgongo. Maji yalitoka, na matapishi. Akafumbua macho, akatukana mtu mmoja kwa jina lake, wote wakacheka kwa furaha. Kisha akalala, na usingizi ule haukuwa wa kawaida. Ndipo walipomleta kwetu kwa mashua, mke wake na mjomba wake wakiwa pamoja naye.

Sista alimpima kwa muda mrefu. Alimfumbua macho na kuyamulika kwa tochi, akaangalia kama mboni zote mbili zinabana sawasawa. Akampima presha. Akamfinya kidole, naye akavuta mkono na kuguna. Mwishoni akaagiza matofali mawili.

"Moja kila mguu wa kitanda, upande wa kichwani," aliniambia. "Na kichwa chake kielekee dari. Kisipinde kulia wala kushoto."

Tulishona vifuko viwili vya kitambaa, dresa akavijaza mchanga wa pwani, tukaviweka huku na huku ya masikio yake kama walinzi. Sista akaagiza kwamba kila saa nihesabu mapigo na pumzi, nimulike macho, nimwite mgonjwa kwa jina na kuandika anajibu nini. Ageuzwe ubavu na watu wawili, kichwa na mwili vikienda pamoja. Asikohozwe. Asijikaze. Kamasi zitolewe kinywani kwa mpira laini, upesi, kisha aachwe atulie. Chumba kisiwe na kelele. Maji apewe kwa kijiko, si kwa kikombe.

Ukutani, juu ya kichwa cha Sista, palikuwa na karatasi ya maelezo niliyoitafsiri mimi mwenyewe kwa Kibemba: mtu aliyezimia kwa mshtuko ainuliwe miguu.

"Kwa nini huyu tumempindulia kanuni?" niliuliza.

"Yule wa ukutani mapigo yake ni ya haraka na dhaifu. Damu haimfiki kichwani," alisema Sista. "Huyu kichwa kimepigwa. Fuvu ni sanduku la mfupa, na ubongo ukivimba humo ndani hauna pa kwenda. Damu inayopanda lazima ipate njia rahisi ya kushuka, la sivyo nayo inazidi kujaza."

"Na mapigo? Kwa nini tuogope yakipungua?"

"Kwa sababu nimeona yakipungua."

"Hilo halinitoshi, Sista."

"Basi likutoshe mpaka jioni. Kuna wagonjwa kumi na wanne hapa."

Leo ningeweza kumjibu mke yule kwa maneno machache. Ubongo uliobanwa hukosa damu, mwili ukapandisha presha ili damu ilazimike kupita, na moyo, ukiihisi presha ile, hupunguza mwendo. Utulivu ule ni wa mtu anayesukuma mlango kwa nguvu zake zote bila kupiga kelele. Lakini siku ile nilisimama tu na saa mkononi. Nilipogeuka kwenda kumwita Sista ndipo nilipogonga vidole vya mguu kwenye tofali.

Tofali lilikuwa upande wa miguuni. Yote mawili yalikuwa upande wa miguuni. Kitanda kizima kilikuwa kimegeuzwa mteremko wake, na vifuko vya mchanga vilikuwa uvunguni, vimepangwa vizuri sana.

Sista na dresa walikuja, tukayarudisha matofali, tukanyoosha shingo. Baada ya nusu saa mapigo yalikuwa hamsini na sita. Saa moja baadaye yalikuwa sitini na nne, na mgonjwa alipoitwa jina aliguna tena. Muda wote huo mjomba alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, akitutazama kama mtu anayetazama wageni wakivua samaki kwa kamba ya viatu.

Alikuwa mtu mfupi, mpana wa mabega, mfanyabiashara wa samaki waliokaushwa kati ya kisiwani na upande wa Kongo. Alipogundua mimi ni mtoto wa mtu wa ng'ambo aliacha Kibemba, akasema nami kwa Kiswahili cha huko.

"Tulikuwa tumemutuliza," alisema. "Moyo yake ilianza kupiga mupole, kupumua iko kwa nguvu, mutu analala muzuri. Sasa munamusumbua tena. Juu ya nini?"

"Yama, kupiga polepole ni kubaya," nilisema. Yama ni mjomba, ndugu wa mama. "Kichwa kikiwa chini, damu inajaa kichwani."

"Na mayi?"

"Maji gani?"

Alinishika kiwiko kwa adabu, akaniongoza mpaka kitandani, akainama. Kwenye tundu la kushoto la pua ya mpwa wake palikuwa na tone. Jeupe, safi, jepesi kama umande. Lilivimba, likadondoka mdomoni. Baada ya muda mfupi lingine likaanza.

"Ile," alisema mjomba. "Iko inatoka tangu jana. Mayi ya Mweru ingali ndani. Siye batu ba mayi, tunajua. Mutu akizama, unamulaza kichwa chini mpaka mayi iishe. Munamuinua kichwa, mayi itarudia wapi? Itaenda kwenye mapafu, atakufa." Akaweka kofia kichwani. "Kesho asubuhi tutarudi naye Kilwa. Pale tuko na mitumbwi. Tutamulaza vizuri."

Nilitafsiri. Sista alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba hawezi kumfunga mtu kitandani. Daktari alikuwa kituo cha mbali, akija kwetu mara moja kwa mwezi. Barua kwake ingeenda na lori la samaki na kurudi baada ya siku nne. Mke wa yule mvuvi alikuwa ameinamisha kichwa. Kwetu mtu ni wa ukoo wa mama yake, na neno la mjomba halipitwi na neno la mke. Niliona mambo mawili kwa wakati mmoja: kwamba mtu huyu akilazwa ndani ya mashua, kichwa chini, akapigwa na mawimbi hadi kisiwani, hatafika akiwa hai, na kwamba sina hata sababu moja ya kuamini hivyo isipokuwa neno la Sista.

Ndiyo maana nililala vibaya. Mjomba alikuwa ameona watu waliozama maisha yake yote. Mimi sikuwa nimeona hata mmoja. Yeye alikuwa na ushahidi unaodondoka mbele ya macho ya watu wote, nami nilikuwa na karatasi ya namba. Chuoni tulifundishwa kwamba mwenye kuona ndiye wa kusikilizwa kabla ya mwenye kusema. Je, kama maji yale kweli yalikuwa ya ziwa?

Kulipopambazuka nilikwenda ofisini kwa Sista, nikashusha kitabu chake cha uuguzi, kinene, kimeliwa na mchwa kwenye pembe. Nilikisoma nikiwa nimesimama. Katika ukurasa wa majeraha ya kichwa palikuwa na mstari mmoja: maji meupe yanayotoka puani au sikioni baada ya pigo yanaweza kuwa maji ya ubongo, ambayo huwa na sukari ndani yake; pua isizibwe, mgonjwa asipenge.

Sukari. Sukari tulikuwa tunaipima kila wiki. Kwenye rafu ya dresa palikuwa na chupa ya dawa ya buluu, ile ambayo ukiichemsha pamoja na mkojo wa mgonjwa wa kisukari inageuka kijani, au njano, au nyekundu kama tofali.

"Mayo Kwa Nini," alisema dresa nilipomwomba chupa, "sasa unataka kupika pua ya mtu?"

"Nataka kupika na ziwa pia."

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akawasha taa ya spiriti.

Mjomba alikuwa tayari ameshakodi wapiga makasia wawili. Nilimkuta akikunja mkeka wa mgonjwa. Nilimwambia kwa Kiswahili cha baba yangu kwamba simzuii, ila namwomba asubiri mpaka jua lipande kidogo, tuyaulize yale maji yenyewe yametoka wapi. Neno lile lilimfanya ageuke.

"Mayi inaulizwa?"

"Inaulizwa, Yama. Na wewe ndiye utaleta maji ya ziwa. Mimi sitayagusa."

Alinitazama usoni kuona kama kuna ujanja. Kisha akachukua kikombe chake mwenyewe na kwenda. Alipita pwani ya karibu ambako wanawake hufua, akaenda mpaka mwisho wa mawe, akaingia mpaka magotini, akachota. Mtu mwangalifu. Nilianza kumpenda.

Upande wa wodini kazi ilikuwa ya polepole. Tulihitaji matone manane, na pua haiharakishwi. Mke alishika kichupa chini ya pua ya mumewe, huku mimi nikihesabu. Tone la kwanza. La pili. Kwa sauti ya chini akaniuliza, kwa Kibemba, "Yakiwa ya ziwa, utakubali tumpeleke?"

Nilijibu kabla sijafikiri. "Nitakubali."

Alisogeza kichupa, akakinga tone la tatu. Nimewaza jibu lile mara nyingi tangu hapo. Lilikuwa jibu la kweli, na sijui kama lilikuwa jibu la mtu mwema.

Tulikusanyika mezani kwa dresa: mjomba, mke, wapiga makasia wawili waliosikia kwamba kuna jambo, Sista akiwa nyuma, mikono imefungwa kifuani. Alikuwa ameniambia tu, "Kama unaona itasaidia." Tulimimina dawa ya buluu katika vichupa viwili sawa kwa sawa. Mjomba mwenyewe alidondosha maji ya ziwa, matone manane, akihesabu kwa vidole. Mke akamimina yale ya pua. Dresa akavishika juu ya moto kwa koleo ya mbao, kimoja baada ya kingine, akiimba kidogo chini ya pumzi.

Cha ziwa kilichemka, kikabaki buluu, buluu kama kanga mpya.

Cha pua kilichemka, kikabaki buluu nacho. Kisha dresa akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, na tukaona kimeanza kuchafuka, na uchafu ule ulikuwa kijani. Si njano wala si rangi ya tofali niliyokuwa nikiiomba moyoni. Kijani hafifu, kama maji ya shina la mgomba.

"Ile njo sukari?" aliuliza mjomba. "Kidogo vile?"

"Kidogo, lakini iko."

"Ao dawa yako inapenda pua tu." Akageukia dresa. "Tia sukari ya chai ndani ya mayi ya ziwa. Nione."

"Sukari ya chai haitafaa, Yama," nilisema, kwa sababu ndivyo kemia ilivyo, dawa ile haiioni sukari ya mezani. Nikaona uso wake ukifunga. Kwake huo ulikuwa ukwepaji mtupu: dawa ya sukari isiyoijua sukari! Wapiga makasia walianza kucheka. Mmoja akaniita kwa neno letu la heshima, "Mukwai, hata mbwa wa kwetu anaijua."

Sista ndiye aliyetuokoa. Alikwenda kabatini akarudi na unga wa glukosi tuliokuwa tukiwapa watoto waliodhoofika, akampa mjomba auonje. Mjomba akaonja, akakubali kwamba ni tamu. Akatia chembe ndani ya kikombe chake cha maji ya ziwa, akakoroga kwa kidole, akadondosha matone manane mapya. Dresa akachemsha. Kichupa kikageuka kijani, kisha njano, kisha rangi ya chungwa, mbele ya macho yetu, haraka kuliko nilivyotarajia.

Hakuna aliyecheka. Mjomba alichukua vichupa vyote vitatu, akavipanga dirishani, akarudi nyuma hatua moja kuvitazama.

"Mayi ya Mweru haina sukari," alisema hatimaye, si kwetu, kwa nafsi yake. "Ile minajua. Minaikunywa tangu mutoto." Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza kwa uzito kama ule. "Basi ile ya pua iko mayi ya nani?"

"Ni yake mwenyewe. Ubongo wetu sote unaelea ndani ya maji, Yama. Mfupa umepata ufa, yanavuja. Akilala kichwa juu, ufa utajifunga."

"Unaelea," alisema. "Kama mutumbwi."

"Kama mtumbwi uliofungwa gatini."

"Bon, muzuri." Aliwageukia wapiga makasia. "Mwende kunywa chai. Matofali ibakie."

Kilichofuata hakikuwa na lolote la kusimulia kwa sauti kubwa, na labda ndiyo sehemu niipendayo. Ulikuwa uuguzi tu. Mke ndiye aliyekuwa mlinzi wa shingo. Kila kichwa kilipoelekea upande, alikirudisha katikati kwa viganja viwili, jinsi mtu wa nyuma anavyorekebisha mtumbwi kwa kasia bila kuangalia. Mjomba alijiteua bawabu. Kwetu wagonjwa hutembelewa na kijiji kizima, na kila anayekuja huinua kichwa cha mgonjwa na kukipakata kidogo mapajani, ndiyo heshima. Yeye alisimama mlangoni akiwaambia waliovuka kutoka kisiwani kwamba huyu husalimiwa miguuni. Wazee walinung'unika. Basi wakaja, mmoja mmoja, wakashika vidole vya miguu yake, wakamwambia pole.

Niliendelea kuandika. Sitini na nane. Sabini. Mboni sawa. Amejibu jina. Tone moja kwa robo saa, kisha moja kwa saa. Siku ya tano pua ilikuwa kavu. Siku ya saba, nikimmulika, alisukuma tochi na kuuliza kwa Kibemba, kwa hasira ya mtu mzima kabisa, ni nani amemwekea mchanga kitandani.

Mkewe alicheka, kisha akainuka akatoka nje, akakaa huko kwa muda.

Walikaa wiki tatu. Alipotembea kwenda gatini mguu wa kushoto ulikuwa ukichelewa kidogo nyuma ya mwenzake, na mambo ya asubuhi ya ajali hakuyakumbuka kamwe. Mjomba alinipa mkono, akaniambia nikichoka na hospitali niende kisiwani nikawaulize samaki. Dresa alisema hata samaki wangehama.

Mimi niliondoka Nchelenge mwaka uliofuata, nikawa mwalimu wa sayansi, na kwa muda mrefu niliwasimulia wanafunzi wangu juu ya vichupa vitatu dirishani, kama mfano wa jinsi ushahidi unavyoweza kumshawishi mtu mwenye akili. Nilikuwa nimefundisha zaidi ya miaka ishirini niliposoma kwamba kamasi za kawaida na machozi yanayoshukia puani huweza pia kuwa na sukari ya kutosha kubadili rangi, na kwamba wauguzi walikuwa wameshaacha kukitegemea kipimo kile, kwa sababu hakithibitishi maji yanatoka wapi.